Magari Juu, Chemchemi Chini

Sisi tuliojifunza kunywa maji tukiwa tumelala kifudifudi, pua ikigusa maji kabla ya midomo, tunajuana. Ukimwambia kijana wa leo kwamba ulikunywa maji yaliyotoka ardhini moja kwa moja, bila chupa, bila kifuniko, bila karatasi ya kueleza yametoka wapi, anakuangalia kama mtu aliyeponea ajali. Sharon, binti wa kaka yangu Wekesa, anasoma chuo kikuu huko Kibabii na hatoki nje ya mlango bila chupa yake ya maji. Siku moja aliniuliza, "Anti, kwani hamkuwa mnaumwa na tumbo?" Nikamjibu kwamba tuliumwa sana, lakini ni kwa sababu ya mapera mabichi. Maji hayakuwa na kosa.

Chemchemi yetu iko karibu na Sirisia, kwenye mteremko chini ya kanisa. Wakati huo haikuwa na saruji wala bomba. Maji yalitoka katikati ya mawe mawili, baridi ya kuuma meno hata jua likiwa utosini, yakajaza kidimbwi cha ukubwa wa meza, kisha yakaenda zake kwenye nduma, yaani magimbi. Jani la nduma ndilo lilikuwa kikombe chetu. Ulilikunja, ukachota, ukanywa, na matone yaliyobaki yakakimbia juu ya jani kama shanga zilizokatika uzi. Chini ya mawe waliishi kaa wadogo wa rangi ya udongo, na sisi tuliwavua kwa kijiti, tukawashindanisha mbio, tukawarudisha. Kuwarudisha ilikuwa lazima. Mtoto aliyekwenda na kaa nyumbani alirudishwa naye, akilia njia nzima.

Wenzangu mnakumbuka kata ya majani makavu ya mgomba kichwani, na jinsi debe lililojaa lilivyodondosha maji shingoni kila ukikanyaga vibaya. Mnakumbuka Ijumaa, kila mwanafunzi akipeleka maji shuleni ya kunyunyizia sakafu ya udongo ili vumbi lisituue. Tulikuwa tunachota asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na bado tulipata muda wa kucheza mpira wa kati na kujificha kwa brikicho katika uwanja wa kanisa mpaka mama zetu waite majina yetu yote, hata yale ya ubatizo. Uwanja ule ulikuwa na nyasi laini ambazo zililala ukizikanyaga na kusimama ukiondoka, na mivule miwili mikubwa pembeni. Mvua ikinyesha pale, hukuona maji yakienda popote. Yalizama tu. Nyanya yetu, ambaye tulimwita Kukhu kama wafanyavyo Wabukusu, alikuwa akisema, "Kanisa linakunywa kwanza, halafu sisi."

Kukhu ndiye aliyekuwa mlinzi wa chemchemi. Hakuchaguliwa na mtu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Sabuni haikufika karibu na kidimbwi. Ng'ombe walinyweshwa chini kabisa, baada ya nduma. Na juu ya chemchemi, kati yake na uwanja wa kanisa, kulikuwa na mtaro uliopinda kama mwezi mchanga. Kazi yake ilikuwa kuzuia maji machafu ya mvua yanayoteremka, yapite kando, yasiingie kidimbwini. Kila Desemba, mahindi yakishaingia ghalani, kijiji kizima kilitoka na majembe kuuzibua. Wanaume walichimba, wanawake walipika githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa, na sisi watoto tulitumwa huku na kule mpaka tukachoka kuliko waliochimba.

Nilipokuwa darasa la tano, mimi na mdogo wangu Wekesa tulipata wazo la kumfurahisha baba. Baba alikuwa mwalimu, na baisikeli yake nyeusi ilikuwa kitu kilichoheshimiwa nyumbani kuliko sisi. Tuliisukuma mpaka chemchemini tukaiosha vizuri, mnyororo na yote. Mafuta yakatoka, yakatandaa juu ya kidimbwi, yakawa na rangi zile za shingo ya njiwa. Wekesa alipiga makofi. Nami, nikiri, niliona ni kitu kizuri sana.

Kukhu alitukuta pale. Hakutupiga. Aliyatazama maji, akaketi juu ya jiwe kwa muda mrefu kiasi kwamba tulianza kutamani kiboko. Wanawake waliokuja na mitungi akawarudisha mmoja mmoja. "Leo hakuna maji. Wajukuu wangu wameyanywesha baisikeli." Kisha akatupa vibuyu viwili, tukakikausha kidimbwi chote, tukimwaga maji mbali kwenye nyasi, tukakiacha kijae, tukakikausha tena. Wiki nzima baada ya hapo tulichota maji mtoni, ng'ambo ya soko, tukiwapelekea wazee wote waliotegemea chemchemi. Baisikeli moja tu. Mnyororo mmoja.

Basi nilikua, nikaolewa, nikahamia Kitale, nikafundisha ushonaji mpaka nilipostaafu. Nikanunua kigari kidogo. Barabara ya kwetu nayo ikawekwa lami, na sisemi kwamba lami ni mbaya. Kukhu, aliyetamka "balabala" mpaka siku ya kufa kwake, alibebwa hospitali kwa machela kwenye matope. Mama yangu siku hizi anafika hospitali kabla hajamaliza kulalamika kwamba haumwi. Lami ni kitu chema. Kinachonichosha ni watu. Na katika watu hao, wa kwanza ni mimi.

Kwa sababu ni mimi niliyeleta wazo la maegesho. Pasaka moja mvua ilinyesha, gari langu likakwama kwenye uwanja wa kanisa, vijana wakasukuma, na matope yakaruka yakanichora kutoka kofia hadi viatu. Katika mkutano wa maendeleo ya kanisa uliofuata, nilisimama nikasema, kwa sauti ya mwalimu, "Hata Mungu hapendi tuje mbele zake tukiwa na matope." Watu walipiga makofi. Wekesa, ambaye sasa ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alipiga makofi kuliko wote.

Nyasi zikang'olewa. Mivule ikakatwa kwa sababu ndege walikuwa wakichafua magari. Uwanja wote, kutoka mlango wa kanisa hadi ukingo wa mteremko, ukatandikwa kabro, yale matofali ya saruji ya kijivu, safi kama sakafu ya benki. Na ili ipatikane nafasi ya safu moja zaidi ya magari, ule mtaro wa mwezi mchanga ukafukiwa. Niliuona ukifukiwa. Nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe cha chai mkononi, nikisifu kazi.

Mvua ya Machi ilipoanza, Mama alinipigia simu. Mama amepita miaka themanini, anaishi boma moja na Wekesa, na mpaka leo chai yake haipikwi ila kwa maji ya chemchemi. Siku hizi chemchemi ina kisanduku cha saruji na bomba, lakini maji ni yale yale. Ya tanki anasema yana ladha ya mabati.

"Nanjala, chai inanuka."

"Inanuka nini, Mama?"

"Inanuka baisikeli."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamwambia achemshe zaidi. Nikampigia Wekesa, naye akasema, "Dada, huyo ni mzee. Ulimi unazeeka kama magoti." Tukakubaliana, watoto wawili wenye akili, kwamba tatizo ni ulimi wa mama yetu.

Mama aliendelea kulalamika. Aprili yote ilikuwa hivyo. Sharon alipokuja nyumbani kutoka chuoni, akaonja chai ya nyanya yake, akaitema nje ya mlango. Akanipigia. "Anti, hii maji si poa. Mnamwambia achemshe ya nini? Kuchemsha si inaua vijidudu tu? Mafuta inabaki. Vumbi ya tairi na ya breki inabaki. Hizo gari zinadondosha kwa kabro kila Jumapili, halafu mvua inaosha zote mara moja inateremsha."

Nikamwuliza kama hayo ameyasoma kwenye simu.

"Nimesoma darasani, Anti. Lakini si hata macho inaona?"

Nilikasirika. Mtoto asiyeweza kubeba hata lita tano kichwani ananifundisha habari za chemchemi yetu! Lakini Jumapili iliyofuata niliendesha gari kutoka Kitale, nikapitia Kiminini kumnunulia Mama ndizi, nikafika ibada ikiwa katikati. Niliegesha safu ya chini kabisa, ukingoni. Uwanja ulikuwa umejaa magari, na mengine yalipangwa hadi barabarani.

Watu walipokuwa wakisalimiana nje baada ya ibada, mawingu yalishuka kutoka Mlima Elgon na mvua ikaanguka kwa kishindo. Wote walikimbilia kwenye baraza. Mimi nilibaki nimesimama kando ya gari langu na mwavuli, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Maji ya kwanza yaliyotiririka juu ya kabro yalikuwa meusi. Hayakuwa na wekundu wa udongo wetu. Yalikuwa meusi kama maji ya kusugulia sufuria, na juu yake zilipita zile rangi za shingo ya njiwa, nyingi, pana, zikikatika na kuungana. Yalikusanyika ukingoni, yakaanguka kwenye mteremko, hapo mtaro ulipokuwa. Niliyafuata. Viatu vyangu vya kanisani viliharibika hatua ya tatu, lakini niliyafuata mpaka chini, nikayaona yakikizunguka kile kisanduku cha saruji, yakatafuta ufa, yakaingia. Baada ya muda mfupi bomba lililokuwa likitoa maji meupe likaanza kutoa maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa.

Jirani yetu Rosa alikuwa amejikinga chini ya mgomba na mtungi wake mtupu. Alinitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia.

"Mama Mwalimu, leo hakuna maji hapa," akasema. "Sisi Jumapili ikinyesha hatuchotangi. Tunangojanga mpaka Jumanne ikuwe safi kidogo. Mimi nilikuwa napita tu, mvua ikanishika."

"Tangu lini?"

"Tangu muweke hiyo kitu."

"Na mbona hamkusema?"

Rosa aliufuta mtungi wake uliokuwa mtupu na usiohitaji kufutwa. "Tungesemea nani? Si ninyi ndio mliweka?"

Nilipanda mteremko nikiwa nimelowa, nikakuta wenzangu barazani wakinywa maji ya chupa na kusema mvua ya mwaka huu ni baraka.

Kamati ilikutana Jumamosi iliyofuata. Niliomba nafasi nikaeleza kila kitu: mtaro, kabro, mafuta, kina mama wanaongoja Jumanne. Sasa sikiliza majibu. Mmoja alisema jambo hili tuliweke katika maombi. Mwingine akasema kuna dawa ya matone ya kutia kwenye maji, kila nyumba ijinunulie. Wa tatu, ambaye gari lake ndilo linalovuja kuliko yote, na kila Jumapili huacha doa kubwa kama chapati, akasema tatizo ni vijana wa siku hizi kutopenda kazi za mikono. Wa nne akataka kujua kama chemchemi iko ndani ya mpaka wa kanisa au nje, kwa sababu kama iko nje basi haimo kwenye ajenda.

Mwisho akasema Wekesa, mwenyekiti. "Dada, hebu ngoja. Si ni wewe ulisimama hapa ukasema Mungu hapendi matope?"

Walicheka wote. Nami ningecheka kama isingekuwa kweli.

"Ni mimi," nikasema. "Na nilikosea. Wewe je? Unataka kungoja Kukhu afufuke ndio uamini?"

"Sasa unataka waumini waegeshe juu ya miti?"

"Miti gani, Wekesa? Mlibakisha mti?"

Wakaunda kamati ndogo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano nchini humu anajua kamati ndogo ni nini. Ni kaburi lenye mwenyekiti na katibu.

Sikulala vizuri, na sikurudi Kitale. Jumatatu asubuhi nilichukua jembe la Mama, nikaenda ukingoni mwa uwanja wa kanisa, nikaanza kung'oa kabro kwenye safu ile ile niliyokuwa nimeegesha. La kwanza lilinichukua karibu nusu saa. Mikono iliyoshika sindano maisha yote haina habari na jembe. Nilipofika la tano, nilisikia mtu anakuja kwa hatua za hasira. Nikajua ni nani, kwa sababu Wekesa anatembea hivyo tangu utotoni.

"Nanjala! Unabomoa kanisa?"

"Nabomoa maegesho. Kanisa liko pale."

"Kamati haijakaa!"

"Na isikae. Mama amekunywa mafuta tangu Machi, wewe na mimi tukimwambia ulimi wake umezeeka."

Alitazama chini ya mteremko. Bomba lilikuwa linatoa maji polepole, na kando yake zile nduma chache zilizobaki zilikuwa na utando mweusi kwenye shina. Sijui aliona nini. Nilidhani ataenda kuwaita wazee wenzake. Badala yake alikuja akasimama nyuma yangu akaangalia ninavyochimba, na baada ya muda akashindwa kuvumilia.

"Bana, hata jembe hujui kushika. Unalima kama mtu anayekoroga uji. Leta hapa."

Alichimba akilalamika. Alilalamikia mgongo wake, alinilalamikia mimi, aliwalalamikia mafundi waliopanga kabro kwa nguvu namna ile, akasahau kwamba ni yeye aliyewasimamia. Adhuhuri Rosa alitokea na jembe lake, hakuuliza kitu, akaanza kuutafuta mtaro wa zamani. Aliupata kwa rangi ya udongo. Sharon naye alifika na glavu za mpira, akapiga picha kumi kabla ya kuinua hata tofali moja, lakini alipoanza kuinua aliinua kweli, na alikuwa wa mwisho kuondoka jioni. Niliyameza maneno niliyokuwa nimeyatayarisha kumhusu.

Ilituchukua siku nne. Mtaro ukafunguka tena, ukipinda kando ya chemchemi. Safu ya chini ya kabro tuliiondoa yote, tukapanda nyasi na nduma hapo, ili maji ya uwanjani yapite kwenye majani kwanza na kuacha uchafu wake huko kabla ya kuendelea. Jumapili waumini waliokosa nafasi walinuna. Mmoja alisema wazi kwamba watu wa Kitale huja kuwavuruga watu wa nyumbani kisha huenda zao. Mimi siku hizi naegesha sokoni natembea.

Ningependa kuwaambia kwamba maji yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Hayatoki tena meusi, na kina mama wanachota Jumatatu badala ya Jumanne, wakati mwingine hata Jumapili yenyewe. Lakini nimeinua kila jiwe pale na sijaona kaa hata mmoja. Nimemwuliza Sharon watarudi lini, akasema hajui, na kwamba huenda wasirudi. Uwanja ulio juu bado ni wa saruji na magari yanazidi kuongezeka. Lile doa la chapati liko pale pale. Kamati ndogo haijakutana.

Sisi wazazi wetu walituachia maji, na hawakuwa na kitu kingine. Hawakuwa na gari, hawakuwa na lami, hawakusoma darasani mambo anayoyasoma Sharon, lakini kila Desemba walitoka na majembe bila kuitiwa mkutano. Sisi tuna kila kitu, na watoto wetu tumewaachia mahali pazuri pa kuegesha. Halafu tunawacheka kwa kutembea na chupa.

Kila mvua ikinyesha, Wekesa humpelekea Mama kikombe cha maji kutoka bombani. Hamwambii mtu, nimesikia kwa Rosa. Mama huyaweka mdomoni, huyazungusha, huyatema kwenye maua, husema, "Bado." Wekesa huchukua kikombe na kuondoka. Mwezi uliopita nilikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kaka yangu alikuja asubuhi akiwa amelowa magotini, akampa kikombe, akasimama mlangoni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mama aliyaweka mdomoni. Alikaa nayo kwa muda mrefu, macho kayafumba.

"Bado," akasema.

Lakini safari hii alikuwa ameyameza.